Chachu Isiyokufa

Walimleta mwalimu Anjelika saa nne asubuhi, kalazwa juu ya machela ya magunia, mkono wake wa kulia umefungwa khanga iliyolowa mafuta. Alikuwa akigeuza maandazi jikoni kwake alipoanguka, na mkono ukatangulia karaini. Hiyo ilikuwa mara ya tatu kuanguka ndani ya mwezi mmoja, yeye ambaye kwa miaka tisa kifafa chake kilikuwa kimelala kimya kabisa.

Aliyempokea ni Restituta Gidamis. Zahanati ya Endahagu haikuwa na daktari. Ilikuwa na yeye tu, mhudumu wa afya wa miaka hamsini na miwili aliyepata cheti chake mvi zikiwa zimeshaanza. Siku za kawaida watu walimwita nesi, na siku za shida kubwa walimwita daktari. Aliufungua ule mkono taratibu, akausafisha, akaupaka dawa, na muda wote huo hakumtazama mgonjwa usoni.

Tarmo, mume wa Anjelika, alikuwa amesimama mlangoni ameshika kichupa cha vidonge. Hakungoja kuulizwa. Alikuja mezani, akavimimina vyote na kuvipanga kwa kidole, saba saba. Vilikuwa ishirini na kimoja, sawasawa na ilivyotakiwa siku ile.

"Havijazidi, havijapungua," alisema. "Namwekea mwenyewe mkononi, nesi. Nasimama mpaka ameze. Jana nimemwambia afungue mdomo nione."

"Mwambie na ulimi niliinua," alisema Anjelika, macho kayafumba. "Usimfiche kitu daktari."

Restituta aliivuta rejista. Ilikuwa bamba la kioo ukubwa wa daftari. Kila alichoandika humo kilifika wilayani kabla hajanyanyua kidole, na kutoka wilayani kikafika popote jina la mgonjwa lilipohusika. Kwenye nafasi ya sababu ya kuanguka aliandika: *Mgonjwa hatumii dawa kama alivyoelekezwa.* Maneno hayo alikuwa ameyaandika mara nne mwezi ule, kwa wagonjwa wanne tofauti. Alijua si ya kweli. Alikuwa akijua kwa siku kumi na moja.

"Umeandika nini?" Anjelika aliuliza.

"Nimeandika habari za mkono," alijibu Restituta.

Kesho yake shule ilimwandikia Anjelika barua. Mwalimu mwenye kifafa aliruhusiwa kusimama mbele ya watoto maadamu anameza dawa zake. Mwalimu anayeziacha hakuruhusiwa.

*

Miaka minne kabla ya hapo, Endahagu ilikuwa kijiji kinachozika. Udongo wake ulikuwa umepigwa dawa za wadudu tangu enzi za mababu, vitunguu mara kumi na mbili kwa msimu, maharage mara saba, na sumu ilikuwa imezama mpaka ikavifikia visima. Kwenye lango la zahanati palikuwa na kipimo kilichochoma kidole cha kila apitaye na kumtajia namba yake ya sumu. Chini ya ishirini ni afya. Juu ya arobaini taa inakuwa nyekundu, na figo zinaanza kwenda. Watu walisalimiana kwa namba. Wazazi wa binti waliuliza namba ya kijana kabla ya kuuliza ukoo wake.

Chakula safi kilikuwepo, wala hakikuwa mbali. Bondeni palikuwa na nyumba za vioo ambamo mboga zililimwa bila tone la dawa, kwenye udongo ulioletwa kwa malori kutoka nchi za mbali, na kila fungu lilibandikwa muhuri wa kijani. Wanawake wa Endahagu ndio waliozichuma. Fungu moja la mchicha wenye muhuri lilikuwa na bei ya debe la mahindi yao. Basi walichuma, wakafunga, wakapakia magari meupe yaendayo mjini, kisha wakarudi nyumbani kuchemsha mchicha uliomwagiwa maji ya kisimani.

Ndipo Shirika la Mlo Salama likaleta chachu. Ilikuja ndani ya vipakiti, unga mweupe wa vijidudu vilivyotengenezwa maabara. Unavitia kwenye maziwa, maziwa yanaganda, unakunywa kikombe kabla ya chakula. Vinakaa tumboni na kuila sumu kabla damu haijaipata. Mtu aliyekula vya kisimani akawa kama aliyekula vya nyumba za vioo. Lakini vijidudu hivyo viliumbwa vife. Kila kimoja kilitoa chembe ya kemikali, na kemikali hiyo ilipojaa kwenye chombo, siku ya tatu, vyote vilikufa kwa pamoja. Anayetaka kuendelea kuishi anunue tena. Mshahara wote wa Restituta ulinunua vipakiti vya siku tisa.

Maelekezo yalisema chupa ya plastiki. Endahagu maziwa hayalazwi kwenye plastiki. Kumpa mtu maziwa ya chupa ni kumwambia kwamba kufika kwake kumekukera. Kwa hiyo Restituta alichukua kibuyu, akakisugua kwa ndani na kijinga cha mzeituni-pori mpaka kikawa cheusi na kunukia moshi, kama mama yake alivyomfundisha, akamimina maziwa na kipakiti cha mwisho alichokuwa nacho. Siku ya nne alionja akitarajia maji machungu. Maziwa yalikuwa mazima. Siku ya tano vilevile. Siku ya kumi aliongeza maziwa mapya, nayo yakaganda.

Ilimchukua miezi ya kusoma kuelewa alichofanya. Masizi ya mkaa yalikuwa yakiifyonza ile kemikali. Vijidudu havikuisikia amri ya kufa, vikazaa, na vizazi vilivyozaliwa ndani ya kibuyu vikasahau kabisa kwamba vilipaswa kufa. Siku alipoelewa alipiga magoti palepale kwenye sakafu ya zahanati akamshukuru Mungu kwa sauti, mpaka mgonjwa aliyekuwa anangoja sindano akavua kofia.

Aliigawa. Hakuomba ruhusa, kwa sababu alijua jibu. Kikombe hadi kikombe, kwa miguu yake, kwa miaka miwili, chachu iliingia nyumba mia tatu na kumi na mbili. Ilifuata desturi ya maziwa: anayetoa anaonja kwanza mbele yako, na wewe hukatai, maana kukataa kikombe cha jirani ni kusema nyumba yake ni chafu. Namba zikaanza kushuka. Watu arobaini na watatu waliokuwa kwenye nyekundu wakatoka humo, mmoja mmoja.

Mmoja wao alikuwa Bura, mdogo wake wa mwisho. Mama yao alipofariki, Bura alikuwa hajaanza kutembea, na Restituta ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akasimama. Tangu ana miaka kumi na sita Bura alibeba bomba la dawa kwenye mashamba ya vitunguu ya watu wengine. Alipofika thelathini alikuwa na namba sabini na moja, miguu imevimba kama magogo, mkojo rangi ya chai ya rangi. Hospitali ya mjini walimpa mwaka, na kwa namna walivyosema, walikuwa wanamkirimu. Sasa ana miaka thelathini na minne. Namba yake ni kumi na nne. Anapanda juu ya paa akiwa na misumari mdomoni.

Lakini kiumbe kinachokula hakiachi kutafuta chakula. Ndani ya vibuyu vile, vizazi juu ya vizazi, chachu ilikuwa imejifunza kula kitu kingine.

Restituta alikuwa ameipima kwa mikono yake. Alisaga kidonge kimoja cha kifafa akakitia kwenye maziwa ya kawaida, kingine akakitia kwenye maziwa ya chachu. Baada ya saa sita alichukua kipimo cha dawa. Kwenye maziwa ya kawaida kilisoma tisini na sita. Kwenye chachu kilisoma mbili. Alirudia kwa vibuyu vya nyumba nne, na jibu halikubadilika. Akamwongezea mgonjwa mmoja dozi, mgonjwa akaanguka zaidi, na hapo alielewa kwamba kuongeza dawa ni kuongeza chakula chao. Dawa ya sindano haikupitia tumboni, lakini sindano zilikuwa kumi na moja tu kabatini. Aliweza kumsafisha mtu tumbo kwa dawa kali, lakini Jumapili ikifika, kwa kushikana mikono na kikombe kimoja cha jirani, vingerudi. Wagonjwa walikuwa sita. Hakukuwa na namna ya kuwatoa watu sita ndani ya maziwa ya kijiji kizima.

Namna ilikuwa moja: kuiua yote. Vibuyu vyote vichemshwe, watu wote wameze dawa kali siku moja. Na baada ya hapo, mchicha wa kisimani, mtupu.

Kila alfajiri alisali. Mwanzoni aliomba hekima. Siku zilivyoendelea aligundua kwamba hekima anayo, na kwamba alichokuwa akiomba ni Mungu aende badala yake.

*

Alimwambia Bura siku ya Jumatatu, saa za mchana, huko alikokuwa anaezeka nyumba yake mwenyewe. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili tu, lakini ndiyo ya kwanza maishani aliyothubutu kuianza. Restituta alimwomba ashuke. Bura alisema aongee tu, anamsikia. Akamwomba tena ashuke, na safari hii Bura aliitazama sura ya dada yake, akatema misumari kiganjani, akashuka.

Alimweleza yote, kuanzia vidonge mpaka rejista. Bura alisikiliza ameinama, anachora kwa msumari kwenye vumbi. Aliuliza ni watu wangapi. Aliuliza kama hakuna chachu nyingine. Restituta akamwambia ile ya vipakiti haina shida hiyo, inakufa kabla haijajifunza ubaya. Bura akacheka kidogo kwa puani. Halafu aliuliza swali lililomleta Restituta pale, na ambalo Restituta alikuwa ameomba asiulizwe.

"Mimi nitachukua muda gani?"

"Figo zako hazikupona, Bura. Zilipumzishwa tu. Mwaka. Pengine usitimie."

Fundi wake wa pili alipiga kelele kutoka juu akiuliza kama kikao cha ukoo kimeisha au aje na yeye achangie. Bura akamwinulia mkono angoje.

"Dada," alisema, "ningekuwa mtu mwema ningekuambia nenda ukaseme." Akaufuta ule mchoro wa vumbi kwa kiganja. "Usiende."

Restituta alihisi kitu kilichomwogopesha kuliko yote, nacho kilikuwa nafuu. Alirudi zahanati akifikiri kwamba labda ile ndiyo sauti aliyokuwa anaingoja.

*

Siku ya Ijumaa Gwandu alikutwa amekufa. Alikuwa mfuga nyuki, mtu wa miaka thelathini na tisa, hana mke, mwenye mzaha wa kuwaambia watoto kwamba kila nyuki wake ana jina. Alianguka kifudifudi kwenye birika la kunyweshea ng'ombe. Maji yalikuwa hayafiki magotini.

Maziko yalikuwa Jumamosi asubuhi. Restituta alisimama nyuma, kati ya wanawake. Katekista Margwe alikuwa mtu mpole, na alisema kwa upole. Alisema marehemu alikuwa rafiki wa kila mtu. Halafu akasema kwamba, kwa habari zilizotoka zahanati, ndugu yetu alikuwa ameacha dawa zake, na sisi tuliobaki tujifunze, maana Mungu anapotuletea dawa na sisi tukaitupa, tunakuwa tumeitupa zawadi. Watu walitikisa vichwa kwa huzuni. Mama yake Gwandu, mwanamke mfupi aliyekuwa ameegemezwa na wajukuu wa ndugu zake, aliinua uso.

"Alikuwa anameza," alisema. Akasema tena, safari hii kwa sauti ya mtu asiye na hakika, "Nilidhani alikuwa anameza."

Restituta alitaka kufungua mdomo. Udongo ukaanza kuanguka juu ya jeneza, na wimbo ukaanzishwa, naye akaimba. Hilo ndilo lililomfanya aichukie nafsi yake baadaye, njiani, alipokaa juu ya jiwe akashindwa kuendelea: kwamba aliimba, tena sauti ya pili, bila kukosea.

Hakuwa amemuua Gwandu kwa kugawa chachu. Hilo aliweza kulibeba mbele za Mungu, kwa kuwa hakujua. Lakini siku kumi na saba alikuwa amejua, na siku zile zilikuwa za kwake peke yake.

*

Kutoka pale hakupita kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu Anjelika.

Alimkuta ameketi kibarazani, mkono wa bandeji umelazwa juu ya mto, anasahihisha madaftari kwa mkono wa kushoto. Shule ilikuwa imemzuia asiingie darasani, lakini wanafunzi wa darasa la sita waliendelea kumletea insha zao kwa kupitia uani. Tarmo alikuwa amekwenda kwenye maziko na hajarudi.

"Shikamoo, mama," alisema Anjelika. "Tazama huyu. Ameandika kurasa tatu habari za ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe hajatokea bado."

"Marahaba, mwanangu." Restituta hakukaa. Alisema akiwa amesimama, kwa sababu alijua akikaa ataletewa kikombe. Alisema vidonge havikuwa na kosa, wala Tarmo, wala Anjelika, wala Gwandu. Alisema chachu ilikuwa inaila dawa tumboni. Alisema kwamba alikuwa anajua, na alichoandika kwenye rejista alikiandika akijua.

Anjelika aliweka kalamu chini. Kwa muda mrefu aliutazama mkono wake uliofungwa kama mtu anayetazama mzigo wa mgeni ulioachwa nyumbani kwake.

"Kuna siku nilianza kuwaamini wanaosema naacha dawa," alisema. "Nilifikiri labda kweli navitema nikiwa usingizini. Nikapekua godoro. Nikachana mto huu, nikaushona tena Tarmo asione."

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Hapana, mama." Sauti yake haikupanda. Ilikuwa sauti ile ile ya kumwambia mtoto kwamba hesabu haijakaa sawa. "Ungetaka msamaha ungesema kaburini, kila mtu akiwepo. Umekuja kwangu kwanza ili nikuambie, basi nyamaza, sisi ni sita tu. Sasa tuko watano."

Restituta alishika nguzo ya baraza.

"Na ningekuambia," Anjelika aliendelea. "Usidhani nisingekuambia. Mama yangu alikuwa namba hamsini na nane. Sasa ana kumi na saba, analima bustani yake mwenyewe. Umeniwekea mama yangu upande mmoja na kichwa changu upande wa pili, unaniambia nichague, tena nichague haraka kabla mume wangu hajarudi. Mimi sichagui. Sikuajiriwa kwa kazi hiyo, na wewe hukuajiriwa uwatwike wagonjwa kazi yako."

"Bura atakufa," alisema Restituta. Hakukusudia kulisema.

"Najua." Anjelika aliichukua kalamu kwa mkono wa kushoto, ikamponyoka, akaiokota tena. "Nenda ukaandike kweli, mama. Halafu kesho njoo unibadilishie bandeji, maana inaanza kubana."

*

Zahanati ilikuwa imefungwa siku ile. Aliifungua kwa ufunguo wake, akakaa mbele ya rejista na kufuta, moja baada ya jingine, yale maneno aliyoyaandika. Alipofika kwenye jina la Gwandu kioo kilikataa. Kumbukumbu ya marehemu haibadilishwi bila idhini ya wilaya. Ndipo akampigia mkaguzi wa chakula wa wilaya, Dkt. Mwansasu, na kumweleza yote bila kupumzika.

Mkaguzi alisema kwamba habari za vibuyu alikuwa nazo tangu mwaka juzi. Alikuwa ameona namba za Endahagu zikishuka, na yeye pia akaamua kutazama pembeni. Habari za vidonge ndizo hakuwa nazo. Alimshukuru. Kisha akamweleza kitakachofuata kwa sauti ya mtu anayesoma karatasi: siku ya Alhamisi, vibuyu vyote, watu wote. Yeye Restituta atasimamishwa kazi kuanzia leo kwa kugawa chachu bila kibali, na mshahara utazuiwa mpaka shauri lisikilizwe.

Restituta aliuliza habari za wale arobaini na watatu. Shirika haliwezi kuwapa vipakiti bure? Hata nusu bei? Hata kwa mwaka mmoja?

"Niliandika mwaka jana kwa kijiji kingine," alisema Dkt. Mwansasu. "Walijibu kwamba bei ni moja kwa nchi nzima. Nitaandika tena, nesi. Sasa tunajua siri ya moshi, wataalamu wanaweza kutengeneza nyingine, isiyokufa na isiyogusa dawa. Mtu yeyote akawa nayo bure. Miaka miwili, ikizidi mitatu."

Restituta alimshukuru. Alikuwa amejifunza hesabu akiwa mtu mzima, na hesabu ile aliimaliza kabla hajakata simu.

Siku ya Alhamisi walisimamisha mapipa matatu ya maji ya moto kwenye uwanja wa zahanati. Wanawake walikuja na vibuyu vyao mikononi kama watoto wachanga, wakamimina, wakavitumbukiza, wakapokea vidonge vya kusafisha tumbo, wakavimeza mbele ya wakaguzi. Wengi hawakumtazama Restituta. Yeye alikuwa amekaa nje ya uzio kwa kuwa hakuruhusiwa ndani, na hakuondoka, ili atakayetaka kumwambia neno ampate. Mama yake Gwandu alikuja na kukaa karibu naye. Mama Yustina, ambaye mume wake alikuwa amerudi kutoka namba sitini, hakwenda kwenye pipa. Alikuja na kibuyu chake mpaka kwenye uzio akamimina maziwa yote chini, miguuni pa Restituta.

"Ulituletea wewe," alisema. "Umetunyang'anya wewe. Siku ya mume wangu usije kwangu."

Mkaguzi mmoja alikimbia na ndoo ya dawa kunyunyizia pale. Restituta alivua viatu akavitoa, navyo wakavichoma.

*

Jumamosi Bura alikuja kula. Tangu alipomwambia usiende hawakuwa wameonana ila kwa mbali, kwenye foleni ya Alhamisi, ambapo Bura alimeza vidonge vyake kama wengine na kuondoka. Restituta hakuwa na hakika kama atakuja. Alipika hata hivyo. Alikwangua vyombo na kutafuta kitu kingine cha kupika, akazunguka nyumba nzima akitafuta, lakini nyumba ilikuwa na unga wa mahindi ya shamba lile lile na mchicha wa bustani ile ile. Alipokuwa akisonga ugali mikono ilikuwa inajua kazi yake, na alitamani isingejua.

Bura aliinamisha kichwa mlangoni akaingia. Kwenye lango la zahanati, alisema, amepata kumi na tano. Alisema hivyo kama mtu anayetaja hali ya hewa. Paa limekwisha, bado milango.

"Utamaliza?" Restituta aliuliza.

"Nitaweka milango." Alivuta kigoda. "Nilikuambia usiende."

"Uliniambia."

"Ungenisikiliza, ningekula hapa leo na nisingeweza kukutazama." Aliusugua uso wake kwa viganja vyote viwili. "Naogopa sana, dada. Sikuambii ili ufanye kitu. Nakuambia tu."

Alimnawisha mikono. Akaweka sahani ya ugali kati yao na bakuli la mchicha, moshi ukipanda. Katika nyumba ile, tangu mama yao alipofariki, mwenye kuombea chakula alikuwa Restituta; hakuna mtu mwingine aliyewahi kuombea. Alifumba macho. Akaanza, "Bwana, ubariki," na neno lililofuata likakataa kutoka. Alijua kilichokuwamo ndani ya bakuli lile kwa majina yake na kwa vipimo vyake. Hakujua mtu anamwomba Mungu nini juu ya chakula kama kile. Alingoja, na maji yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye vidole vya Bura.

"Bwana," alisema Bura, kwa sauti ya mtu asiyezoea, "asante kwa chakula hiki. Dada yangu amekipika. Amina."

Akamega tonge, akachovya, akala. Alitafuna taratibu akameza. Akamega la pili, halafu akausogeza upande wa sahani ulio moto zaidi kwa Restituta, ambaye alikuwa bado hajafumbua macho.

"Kula, dada," alisema. "Kinapoa."

Naye akanyoosha mkono, akala.